Jembe na Kalamu: Robert Louis Stevenson Katika Makao Mapya



Mhariri wa jarida letu aliponiomba niandike habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani, nadhani alitazamia nimwandike mkuu wa shule wa enzi zile, au kiongozi fulani wa Taifa. Hao wana waandishi wao, tena hodari kuliko mimi. Mimi nimemchagua mtu ambaye hakuwa wa kwetu, lakini alikaa nasi miaka yote katika kabati la pili la maktaba, upande wa dirishani. Huyo ni Robert Louis Stevenson, Mskoti, aliyetunga hadithi ambayo sisi tunaifahamu kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina.

Wenzangu wa rika langu watakikumbuka kitabu kile. Tafsiri yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1929, nayo ni kazi ya Frederick Johnson, yule yule wa makamusi. Nakala yetu haikuwa na jalada, na kurasa zake za mwisho zilikuwa zimenyofolewa na mtu asiyemcha Mungu, hata kila aliyeazima ilimbidi amtafute mkubwa wake amsimulie hadithi ilivyokwisha. Mimi nilisimuliwa miisho mitatu, na kila mmoja ulikuwa na maiti nyingi kuliko uliotangulia. Nilikisoma kwa kurunzi chini ya blanketi, taa za bweni zikiwa zimekwisha kuzimwa, na usiku ule nikaapa kwamba siku moja nami nitatunga riwaya.

Leo nina miaka arobaini na kitu, ni mtumishi wa Serikali, na riwaya ile bado ni mswada ndani ya sanduku la bati. Kila nikiulizwa sababu, jibu langu limekuwa moja: kuhama. Mtumishi wa Serikali ni konokono asiye na bahati, maana konokono akihama huenda na nyumba yake. Nilipohamishwa mara ya mwisho nilipata kiwanja katika makao makuu ya wilaya moja ya bara, nikaanza kujenga. Nikajiambia kwamba nyumba ikiisha nitaandika. Ukaja msingi, zikaja kuta, yakaja mabati. Kikaja choo, likaja tangi la maji, ukaja ua, ikaja migomba. Miaka minne ikapita, wala sikuongeza hata ukurasa mmoja. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, nami niliishika methali hiyo kama mgonjwa anavyoshika cheti cha daktari.

Ndipo nilipozikumbuka barua ambazo Stevenson alimwandikia rafiki yake Sidney Colvin kutoka visiwa vya Samoa, zilizochapishwa kuwa kitabu mwaka 1895. Nilizipitia juu juu nilipokuwa mwanachuo pale Mlimani, kwa ajili ya mtihani tu. Safari hii nilizisoma kwa ajili ya nafsi yangu. Nikaona kwamba bwana yule naye alihamia mahali pageni, akafyeka, akajenga, akapanda, na katika miaka ile ile akatunga. Basi ninayotaka kuwasimulia hapa si habari za maharamia, bali ni habari za nyumba.

MTOTO WA WAJENZI

Stevenson alizaliwa Edinburgh, Uskoti, tarehe 13 Novemba 1850, mtoto wa pekee. Ukoo wake ulikuwa ukoo wa wahandisi wa minara ya taa za baharini. Babu yake, ambaye naye aliitwa Robert, ndiye aliyejenga mnara wa Bell Rock juu ya mwamba unaofunikwa na maji bahari inapojaa. Na baba yake, Thomas, aliifuata kazi hiyo hiyo. Ilitazamiwa kwamba kijana naye angejenga minara. Lakini mwili wake ulikuwa dhaifu. Tangu utotoni kifua kilimsumbua, akapitisha usiku mwingi macho kodo akikohoa, huku yaya wake akimsomea na kumsimulia hadithi mpaka kunapambazuka.

Alianza masomo ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akayaacha. Akasoma sheria, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1875, lakini uwakili wenyewe haukumkalia. Alichotaka ni kuandika. Baba yake alihuzunika sana. Wazazi wengi wa kwetu wangemwelewa mzee yule: nani amesomesha mtoto sheria ili aje kutunga hadithi?

Mwaka 1876, huko Ufaransa, alikutana na Fanny Osbourne, mwanamke Mmarekani aliyemzidi umri kwa miaka kumi, mwenye mume aliyeachana naye kwa makazi na watoto wawili, Isobel na Lloyd. Fanny alirudi California, na mwaka 1879 Stevenson akamfuata, akivuka bahari na bara zima huku afya yake ikiwa mbovu na mfuko mtupu. Nusura afe njiani. Walioana San Francisco mwezi Mei 1880.

Kisiwa Chenye Hazina kilizaliwa mwaka uliofuata, katika nyumba ya kupanga huko Braemar, Uskoti, siku za mvua isiyokatika. Stevenson na mtoto wake wa kambo, Lloyd, kijana wa miaka kumi na mitatu, walikuwa wakichora kwa kujifurahisha, na ikachorwa ramani ya kisiwa. Kutoka katika ramani ile ikatoka hadithi. Aliandika sura moja kila siku, akiwasomea watu wa nyumbani jioni, na baba yake mwenyewe akavutiwa, hata akamsaidia kuorodhesha vitu vilivyokuwamo katika sanduku la baharia mzee. Baada ya sura kumi na tano, akili ikakauka. Akahamia Davos, Uswisi, kutafuta hewa ya mlimani kwa ajili ya kifua chake, na huko hadithi ikamrudia tena akaimaliza. Ilitoka kuwa kitabu mwaka 1883. Hivyo hata kitabu kile tulichogombania bwenini kiliandikwa na mtu aliyekuwa safarini, asiye na makao.

Kuanzia 1884 hadi 1887 alikaa Bournemouth, kusini mwa Uingereza, muda mwingi katika nyumba ambayo baba yake alimnunulia Fanny. Alikaa humo kama mfungwa wa kifua chake, akitema damu, haruhusiwi kutoka nje siku za baridi. Hata hivyo, mwaka 1886 peke yake alitoa vitabu viwili vilivyompa jina duniani: Kidnapped, na ile hadithi ya kutisha ya Daktari Jekyll na Bwana Hyde. Baba yake alifariki Mei 1887, na miezi mitatu baadaye Stevenson akaondoka Uingereza na familia yake yote, pamoja na mama yake mjane. Hakurudi tena.

MSITU WA VAILIMA

Mwezi Juni 1888 walipanda jahazi San Francisco wakaingia bahari ya Pasifiki. Walizunguka visiwa kwa miaka miwili karibu na nusu: Marquesas, Tahiti, Hawaii, visiwa vya Gilbert. Afya ya Stevenson, iliyokuwa imeshindikana kwa madaktari wa Ulaya, ikainuka kwa joto na hewa ya bahari. Desemba 1889 walifika Apia, bandari ya kisiwa cha Upolu huko Samoa, na kabla ya miezi miwili kupita alikuwa amekwisha kununua ardhi, zaidi ya ekari 300, maili tatu hivi kutoka mjini, chini ya mlima uitwao Vaea. Mahali pale pakaitwa Vailima. Alipokwenda Sydney alishikwa tena na ugonjwa ule ule, akatambua kwamba hakuna kurudi: atakaa katika nchi za joto au atakufa.

Walirudi kukaa Vailima katika miezi ya mwisho ya 1890. Wenzangu mliowahi kuhamia kiwanjani kabla nyumba haijaisha, hapa mtaelewa bila kufafanuliwa. Msitu ulikuwa umefungamana. Kulikuwa na kibanda cha mbao tu cha kujihifadhi, barabara ilikuwa njia ya matope, na chakula kilitegemea kama farasi amefika mjini na kurudi. Kuna siku mwandishi yule, ambaye jina lake lilijulikana London na New York, alikula chakula cha jioni na mkewe kwa kugawana parachichi moja. Mwanahistoria Mmarekani Henry Adams, aliyewatembelea mwezi Oktoba 1890, alishtuka kuwakuta katika nguo chafu, wamechoka, wamezungukwa na visiki vilivyoungua.

Fanny alichukua upande wa shamba. Alipanda mbegu za mboga za kila aina, akafuga kuku, akapigana na nguruwe waliovunja zizi kila walipojisikia. Baadaye ikaja kakao. Na Stevenson, mtu aliyeishi nusu ya maisha yake kitandani, akashika panga na jembe. Adui yake mkuu alikuwa mmea ule tunaouita kifauongo, ambao ukiuguza hujikunja na kujifanya umekufa. Ukiupa kisogo unanyanyuka. Aliung'oa kwa mikono mpaka vidole vikatoka damu kwa miiba yake, na kesho yake akaukuta umerudi.

Hapa ndipo barua zake ziliponifanya niweke kitabu chini. Alimweleza Colvin, Novemba 1890, kwamba hakuna kazi inayomteka mtu kama kupalilia, kufyeka na kutengeneza njia, na kwamba kuwasimamia vibarua kumegeuka kuwa ugonjwa. Ilimbidi ajizuie kwa nguvu asije akawa mkulima moja kwa moja. Kisha akaungama jambo la ajabu. Alisema kwamba akitoka nje akafanya kazi ya panga yenye thamani ya senti chache, dhamiri yake humpigia makofi; lakini akikaa ndani akaandika kurasa za kumpatia paundi ishirini, dhamiri hiyo hiyo humlaumu kwamba ameipoteza siku.

Nililipima neno hilo kwa maisha yangu nikaliona ni la kweli tupu. Nyumba humshukuru mjenzi kila jioni. Ukipanga kozi tatu za matofali, jioni utaziona, jirani ataziona, na mkeo ataziona. Lakini ukikaa asubuhi nzima na sura moja ya riwaya, jioni huna cha kumwonyesha mtu, na pengine kesho utazifuta zile kurasa mbili ulizopata. Ndiyo maana tunaikimbilia saruji. Kumbe si kwamba nyumba ilininyima muda; nyumba ilinipa sifa za haraka, nami nikazipenda.

MSITU WALIPA DENI

Je, Stevenson alifanyaje? Kwanza, hakungoja nyumba iishe. Aliamka alfajiri, kabla ya vibarua na kabla ya jua kali, akaandika kwa taa. Aliandika katika kile kibanda huku mvua ikipiga bati, mbao zikipakuliwa, na watu wakija kumwuliza habari za misumari. Jioni, mmoja wa watu wake, Henry Simele, Msamoa, alikuja kufundishwa Kiingereza, naye hakumfukuza. Kilichokuwa chake peke yake zilikuwa zile saa za mwanzo wa siku.

Pili, msitu ule uliomwibia saa zake ulimrudishia. Siku moja mwezi huo huo wa Novemba, akiwa peke yake akifyeka njia katika kimya cha miti mikubwa, alishikwa na hofu ile inayomshika mtu porini mchana kweupe, akageuka nyuma mara kwa mara kutazama kama kuna mtu. Katika hofu ile ile, hadithi ikamwingia ghafla. Ikawa The Beach of Falesá, habari za mfanyabiashara wa Kizungu katika kisiwa cha Pasifiki, anayegundua kwamba mashetani wa msituni wanaoogopwa na wenyeji ni hila iliyotengenezwa na mpinzani wake ili kuwatawala. Aliianza, ikamshinda, akaiweka kando, akairudia, hata akaimaliza mwaka 1891. Si hadithi ya kuwasifu Wazungu wa visiwani. Ilionyesha ulafi na udanganyifu wao waziwazi, na wachapishaji wa Uingereza walisumbuka nayo. Wengi leo huihesabu miongoni mwa kazi zake bora kabisa. Laiti angekaa mjini Apia akingoja mafundi wamalize, hadithi ile asingeipata.

Nyumba kubwa ilikuwa tayari kukaliwa mwezi Aprili 1891, na mwishoni mwa 1892 iliongezwa upande wa pili. Ilikuwa nyumba ya mbao yenye ukumbi mkubwa uliotandikwa mbao nyekundu zilizoletwa kutoka California, na samani za Bournemouth zilisafirishwa baharini kuja kuijaza. Tena ndani yake alijenga meko ya kuotea moto, katika nchi ambayo jasho halikauki! Watu wamecheka sana juu ya meko yale. Mimi sicheki. Mtu anayejua kwamba hatakiona tena kijiji chake hutafuta namna ya kuketi mbele ya moto wa kwao.

Na hapa pana jambo jingine la kushangaza. Kadiri alivyozama katika makao mapya, ndivyo kalamu yake ilivyorudi Uskoti. Mwaka 1892, akiwa amezungukwa na minazi na mashelisheli, aliandika Catriona, mwendelezo wa Kidnapped, hadithi ya vilima na mvua za kwao. Kitabu chake cha mwisho, Weir of Hermiston, nacho ni cha Uskoti tupu, habari za hakimu mkali na mwanawe. Kila aliyepangiwa kazi mbali na kwao analijua hili: kijiji ukikaa ndani yake hukioni, ukiondoka, unakiona mpaka chembe ya mchanga.

Wasamoa walimwita Tusitala, yaani mwandishi wa hadithi. Hadithi yake moja, ya chupa yenye jini anayempa mwenyewe kila anachotaka, ilitafsiriwa kwa Kisamoa na kutolewa katika gazeti la wamisheni mwaka 1891. Kwa kuwa Wasamoa wengi hawakuwa na desturi ya hadithi za kubuni kama ile, baadhi yao waliisadiki, wakaona sasa wameelewa utajiri wa Vailima umetoka wapi. Wageni waliketi ukumbini kwa heshima, wakamaliza mazungumzo, kisha wakaomba kwa upole waonyeshwe ile chupa.

GHARAMA

Lakini nisiwapambie mambo. Chupa haikuwapo, na nyumba ilikula fedha. Mezani waliketi mama yake, mkewe, Lloyd, Isobel na mtoto wake, pamoja na wasaidizi wengi wa Kisamoa na jamaa zao waliotegemea jiko hilo hilo. Shamba halikupata kulipa; kila msumari wa nyumba ile ulilipwa kwa kalamu. Ikawa sasa hawezi kupumzika. Hofu ya kushindwa kulipa ilimsukuma kuandika hata siku ambazo neno halikuja, na katika barua zake za miaka ya mwisho unasikia sauti ya mtu aliyechoka. Mkono wake wa kulia ulipokaza asiweze kuandika, alimsomea Isobel naye akaandika. Mapema mwaka 1893 damu ilipomtoka kifuani na kukatazwa kusema, alimtungia Isobel kwa ishara za vidole, herufi moja moja, kama bubu.

Gharama nyingine aliilipa Fanny. Siku moja Stevenson alimwambia kwamba yeye hana roho ya msanii, bali ya mkulima. Labda alidhani ni sifa. Fanny aliliandika neno lile katika kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku, na lilimuuma muda mrefu. Ndiye aliyempa mumewe zile saa za alfajiri kwa kubeba yeye mbegu, nguruwe, mafundi na wagonjwa. Tena alikuwa mwandishi pia kwa kiasi chake. Mwaka 1893 akili yake iliugua sana, na nyumba yote ikapata miezi ya giza. Mumewe alimwuguza kwa upendo. Lakini mimi nilipofika hapo niliufunga ukurasa, nikatoka nikaenda jikoni, nikamwuliza mama watoto kama amewahi kutamani kufanya jambo lolote zaidi ya kunipikia mafundi wangu. Alinitazama kwa mshangao. Kisha akaniambia, na orodha haikuwa fupi.

Stevenson hakujifungia katika shamba lake akaisahau nchi. Wakati ule Wajerumani, Waingereza na Wamarekani walikuwa wakiivuta Samoa huku na huku. Alimtetea mkuu wa Kisamoa Mataafa, akaandika kitabu juu ya uonevu ule mwaka 1892, akapeleka barua magazetini London, hata ikafikiriwa kumfukuza kisiwani. Mataafa aliposhindwa vitani mwaka 1893 akapelekwa uhamishoni, na wakuu waliomfuata wakafungwa Apia, Stevenson aliwapelekea chakula na tumbaku gerezani. Walipofunguliwa mwaka 1894, watu wale, ambao kwa heshima yao hawakuwa wa kushika sururu, walikuja na watu wao na vyakula vyao wakamjengea barabara kutoka njia kuu hadi nyumbani kwake, bila malipo. Waliiita Barabara ya Moyo wa Upendo. Ilimalizika mwezi Oktoba, akawaandalia karamu.

Ndugu zangu, mtu huwa amehamia kweli mahali siku wenyeji wanapomchongea njia ya kwenda kwake. Saruji haitoshi.

Tarehe 3 Desemba 1894 asubuhi, alifanya kazi ya Weir of Hermiston, akiwa na furaha ya mtu anayejua kwamba anaandika vizuri kuliko alivyopata kuandika. Jioni alikuwa barazani akimsaidia Fanny kutengeneza kitoweo cha mayai na mafuta kwa ajili ya saladi, akashika kichwa ghafla, akaanguka. Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka ubongoni. Alifariki usiku ule ule, akiwa na miaka 44. Kifua alichokiogopa maisha yake yote sicho kilichomwua.

Alikuwa ameomba azikwe juu ya mlima Vaea, ambako hapakuwa na njia. Wakuu wa Kisamoa wakaitana, na watu wao wakafyeka njia katika msitu wenye mwinuko mkali kwa mashoka na mapanga. Siku ya pili jeneza lilipandishwa mabegani mpaka kileleni. Fanny alifariki Marekani mwaka 1914, na majivu yake yaliletwa kuzikwa pamoja naye mwaka 1915. Nyumba ya Vailima ilikaliwa na watawala Wajerumani, kisha wa New Zealand, kisha mkuu wa nchi ya Samoa iliyopata uhuru mwaka 1962. Na tangu mwaka 1994 ni jumba la makumbusho.

TUNALOJIFUNZA

Mtu atasema: huyo alikuwa na vibarua, mwandishi wa kumwandikia, na jina kubwa, mimi nina nini? Ni swali la haki. Mimi pia sina karani wa riwaya, na ofisi hunisubiri saa moja na nusu. Lakini yeye hakuwa na mapafu. Kila mtu ana alichonyimwa.

Wala sisemi kwamba methali ya wahenga ni uongo. Stevenson alishika mbili, na kweli baadhi ya vitu vilimponyoka: shamba halikuzaa faida, vitabu viwili alivitangulia kaburini kabla ya kuvimaliza, na mkewe aliumia. Lakini angengoja nyumba iishe ndipo aandike, angekufa bila Falesá, bila Catriona, na bila zile sura za Weir ambazo wasomaji bado wanazisikitikia kwa kukatika kwake. Nyumba haiishi. Hilo ndilo neno langu kwenu. Aliyekwisha kujenga anajua, na asiyejenga atajua.

Ninyi wanafunzi wa sasa mnaweza kudhani mtaanza kutunga, au kuchora, au kufanya uchunguzi wenu wa kisayansi, mkimaliza mtihani, kisha mkipata kazi, kisha mkioa au kuolewa, kisha mkijenga. Tengeni saa moja leo. Iwe ndogo, lakini isiguswe. Tena msimtwishe mtu mwingine mizigo yenu yote ili saa hiyo ipatikane, bali mpokezane: nyumbani kwetu sasa alfajiri ni yangu na jioni ni ya mama watoto, ambaye amejiandikisha masomo, na wakati huo mimi ndiye ninayesonga ugali.

Nyumba yangu haijapigwa lipu upande wa magharibi, na mafundi wameacha kuniuliza. Mswada umefika sura ya tisa.

Katika mkutano wetu wa mwaka huu nimeikabidhi maktaba ya shule nakala ya Kisiwa Chenye Hazina. Ina kurasa zote, hata za mwisho. Naomba zibaki humo.